Chungu cha karatasi juu ya jiko la induksheni: namna ya kukitengeneza kisiungue

Dada yangu anauza chakula cha mchana jirani na ofisi, hapa Dodoma mjini. Ukimuuliza kinachomchosha, hatataja moto wala jua, atataja vyombo. Mteja mmoja anataka supu isiyo na pilipili, mwingine anataka mlenda peke yake, wa tatu yuko kwenye dozi na anaomba uji wake upikwe mbali na vyakula vingine. Kila ombi ni kijisufuria kingine cha kuosha, na maji ya kuoshea ananunua kwa dumu. Mvua ya huku huanza Desemba, Aprili ikifika imeshaaga, na kwa mwaka mzima ni nadra kupita sana milimita 600. Tangu anunue jiko la induksheni, mkaa umeacha kumsumbua. Kilichobaki ni maji ya karo.

Ndipo tukaanza kujaribu chungu cha karatasi: kinapika sehemu ya mtu mmoja, mtu anakula humo humo, kisha kinatupwa bila kuoshwa. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kazi hii tumeifanya jioni nyingi mezani kwake, biashara ikishafungwa. Hapa naeleza njia iliyokubali, na pia zile zilizoungua, kwa kuwa anayetengeneza chungu chake cha kwanza atashawishika kupita huko huko nilikopita.

Niseme mapema: kwa mapishi ya nyumbani ya kila siku, sufuria yako itumie. Chungu cha karatasi kinafaa pale ambapo maji ya kuoshea ni shida au watu ni wengi kwa siku chache: msibani, mnadani, kwenye banda la maonyesho ya Nanenane kule Nzuguni, kwa mgonjwa anayetakiwa atengewe vyombo vyake, au kwenye genge dogo kama la dada.

Joto linatoka wapi

Jiko la induksheni halina moto wake. Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba, imezungushwa bapa kuanzia katikati kwenda nje kama kitako cha kikapu. Umeme unaopita humo hubadili mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na hivyo huzalisha uga sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, unaobadilika kwa kasi hiyo. Uga huo ukikutana na metali, huamsha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya metali yenyewe, na ukinzani wa metali, yaani namna inavyouzuia umeme kupita, huigeuza mikondo hiyo kuwa joto. Kwa karatasi, uga unapita tu kana kwamba hakuna kitu. Ukiweka karatasi tupu juu ya jiko, litalia pii-pii, litaandika kosa kwenye kioo chake na kujizima.

Kwa hiyo lazima pawe na metali. Ya kupatikana kirahisi ni foili ya jikoni, ile ya kufungia kuku au samaki. Utasikia watu wakisema alumini haishiki kwenye jiko hili. Kwa sufuria ya alumini ya kawaida ni kweli: ni nene, inapitisha umeme kwa urahisi mno, ukinzani wake mdogo, na joto halitoki. Lakini foili ina unene wa maikroni 16 hivi, yaani milimita moja uigawe mara sitini. Wembamba huo unaipa ukinzani unaokaribia ule wa chuma, kwa sababu hata ndani ya chuma mikondo ya jiko hili hubaki kwenye ngozi ya juu tu, sehemu ya kumi ya milimita. Foili moja hupata moto vizuri kabisa. Ukiweka mbili au tatu ukidhani unaongeza nguvu, unapunguza ukinzani na kurudi kule kule kwenye sufuria nene. Kuna majiko yatakayokataa hapo hapo.

Sasa upande wa karatasi. Huanza kugeuka rangi ikipita nyuzijoto 150, na huwaka ikifika 230 hivi. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 96, si 100. Maadamu maji yanaigusa metali, yanainyang'anya joto na kuligeuza mvuke, na metali haiwezi kupanda mbali juu ya hapo. Japani kuna migahawa inayopika supu mezani ndani ya chungu cha karatasi juu ya moto wa kawaida, na karatasi haiungui kwa sababu hiyo hiyo. Lakini maji yakikauka, foili inapanda kwa sekunde chache tu; alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660, na karatasi itakuwa imeshawaka zamani.

Kila uamuzi utakaofuata unatokana na jambo hilo: metali inayopata moto lazima muda wote iwe imelowa.

Kwa nini foili ikae ndani

Chungu changu cha kwanza nilikibandika foili kwa nje, chini ya kitako. Niliona ndiyo akili, metali iwe karibu na koili na karatasi iguse chakula. Nikamimina nusu lita ya maji, nikaweka wati 1,000. Dakika ya tatu dada akaacha kuchambua mchicha.

"Kaka, kuna kitu kinaungua."

Maji yalikuwa hayajachemka. Nilipomwaga na kubandua foili, kitako cha karatasi kilikuwa na pete ya kahawia yenye upana wa kidole, na katikati yake duara safi ambalo halijaguswa. Pete ile ni picha ya koili iliyoko chini ya kioo: joto huzaliwa zaidi kati ya kitovu na ukingo, na kitovu chenyewe hubaki baridi. Hata kwenye chungu kilichotengenezwa sawasawa utaona mapovu ya kwanza yakijipanga kwa duara.

Kilichotokea ni hiki. Joto lote lilizaliwa kwenye foili, likalazimika kupita kwenye karatasi ndipo lifike majini, na karatasi hupitisha joto kwa shida. Kwa kitako cha kipenyo cha sentimita 14 na wati 1,000, kila sehemu ya kumi ya milimita ya karatasi hutaka tofauti ya nyuzijoto 80 hivi. Karatasi yangu pamoja na gundi ilifika milimita 0.2. Foili ilikuwa imepita 200 huku maji yakiwa bado hayajaanza kuimba.

Na wala hakukuwa na haja ya kuisogeza foili karibu na koili. Kioo cha jiko peke yake kina milimita 4 hivi; karatasi ya nusu milimita juu yake haibadilishi lolote. Foili ikikaa ndani, inagusa maji moja kwa moja, na karatasi inabaki na kazi ya kushika umbo na kubeba uzito tu.

Vitu vya kuandaa

Karatasi iwe ya kaki, mpya, uzito wa gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Ni jamii ile ya mifuko iliyoenea tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, na karatasi ya aina hii hutengenezwa hapa hapa nchini, Mgololo kule Mufindi. Usitumie gazeti wala karatasi iliyochapishwa. Wino haukutengenezwa kwa ajili ya chakula, na mvuke wa moto huuhamisha.

Jihadhari na karatasi zinazouzwa kuwa "hazipitishi mafuta". Niliwahi kuuziwa bunda zima, na maji yalipochemka chumba kikajaa harufu ya plastiki. Tangu siku hiyo kila karatasi naichana kona polepole na kuitazama: ikiwa pembeni ya mchano kuna ngozi nyembamba inayovutika kabla ya kukatika, ina utando wa plastiki kama wa vikombe vya kahawa, na plastiki hiyo hulainika na kuyeyuka kwenye nyuzijoto 110 au zaidi kidogo. Iache. Kuna waliotushauri tupake nta ya nyuki, kwa kuwa ukanda huu wa Dodoma na Singida una asali na nta haipungui. Nta huyeyuka kwenye 62 hadi 65. Itaishia kwenye supu.

Foili iwe ya upana wa sentimita 30, ile nyembamba ya kawaida. Upande unaong'aa na ule usiong'aa hauna tofauti.

Gundi pika mwenyewe: kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano au wa muhogo kwenye kikombe cha maji, koroga yakiwa baridi, kisha chemsha ukikoroga hadi igeuke nzito na kuacha weupe wake. Hii inakaa kati ya karatasi na karatasi tu.

Kamba ya katani, nyembamba, kwa ajili ya mdomo wa chungu. Usiweke waya. Waya ni pete kamili ya metali, na pete kamili ndilo umbo ambalo mkondo huzunguka kwa urahisi.

Mwisho, sufuria ndogo ya kipenyo cha sentimita 14 na kimo kisichopungua 7, ya kutumia kama kalibu. Kwa kweli sufuria hii ndiyo inayoamua uzuri wa kazi. Ikiwa na kitako kilichobonyea, vyungu vyote vitabonyea hapo hapo.

Kukunja

1. Pindua sufuria, kitako kiangalie juu. Kata foili kipande cha sentimita 30 kwa 30, ilaze katikati. Isukume kushuka pembeni kwa kitambaa laini, si kwa kucha. Kwenye kitako iwe bapa kama kioo. Kwenye ubavu itajikunja, iache ijikunje. Kipande kiwe kimoja kizima. Foili ikichanika kwenye kitako, hata mchano wa sentimita moja, anza upya: mkondo ukikuta mpasuko hulazimika kuuzunguka, hujibana kwenye ncha yake, na hapo ndipo cheche hutokea.

2. Kata duara la kaki lenye kipenyo cha sentimita 30. Linyunyizie maji kwa vidole, kama unavyonyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi, kisha subiri dakika mbili. Kaki kavu hukatika kwenye mikunjo. Yenye unyevu hutii.

3. Funika duara hilo juu ya foili na uanze kushusha ubavu kwa marinda. Dada ndiye aliyenifundisha hapa, maana mimi nilikuwa nakunja popote. Yeye hukunja kwanza marinda manne, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, kisha moja kati ya kila mawili, kisha tena moja kati ya kila mawili. Unapata marinda 16 yanayolingana na chungu hakipindi upande. Funga kwa uzi kuzunguka ili yasifumuke.

4. Kata ukanda wa kaki wa sentimita 46 kwa 7. Upake gundi, uzungushe juu ya marinda na ubonyeze. Huu ndio ukuta wa pili, nao ndio unaozuia chungu kupanuka kikijaa maji. Kitako hakihitaji karatasi ya pili.

5. Anika kivulini. Kwa upepo wa Dodoma, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, saa moja inatosha. Juani karatasi hukauka upande mmoja na kupinda. Vumbi nalo usilisahau: funika kwa kitambaa chepesi.

6. Kikikauka, kivue kwenye sufuria. Zungusha kamba ya katani kwenye mdomo kwa nje, kisha pindua ile sentimita moja ya juu, karatasi na foili kwa pamoja, ziifunike kamba. Pembe za foili zilizozidi zikate kwa mkasi. Mdomo ukishakuwa na kamba ndani, unaweza kuushika kwa mikono miwili bila chungu kulegea.

7. Kwa kalamu ya risasi, weka alama mbili kwenye ubavu, kwa nje: moja kwenye kimo cha sentimita 3.5, nyingine kwenye 1.5. Ya juu ndipo unapojazia, ni zaidi kidogo ya nusu lita. Ya chini ni mpaka. Maji yasishuke chini yake jiko likiwa linawaka. Ukishika taa au simu yenye mwanga utaona kina cha maji kwa ndani na kulinganisha.

Kabla hata ya kukisogeza jikoni, kijaze maji baridi na kukiweka juu ya karatasi kavu kwa dakika kumi. Karatasi ya chini ikipata doa la unyevu, foili ina tundu. Katika vyungu vyangu kumi vya mwanzo, vitatu vilivuja. Siku hizi ni kimoja katika ishirini, na karibu kila mara ni kwa sababu ya kucha.

Kupika mara ya kwanza

Maji kwanza, umeme baadaye. Usiweke kamwe chungu kitupu juu ya jiko linalowaka. Foili tupu, mbali na kuungua, ni nyepesi mno: mikondo iliyomo husukumana na koili na foili huinuka, ikateleza kwenye kioo. Maji ndiyo yanayoituliza.

Kiweke katikati kabisa ya duara lililochorwa kwenye kioo. Anza na wati 400 au 500. Hapa kuna jambo ambalo vijitabu vya majiko havisemi wazi: majiko mengi ya bei nafuu hayana wati 200 za kweli. Ukilipa amri ya 200, linawasha 1,000 kwa sekunde chache, linazima, linawasha tena, ili wastani ufike 200. Sikiliza mvumo wake. Ukikatika-katika, panda ngazi hadi usikie mvumo usiokatika. Hiyo ndiyo nguvu ndogo ya kweli ya jiko lako, na ndiyo utakayotumia. Kwa jiko la dada ni 500.

Kwa wati 500, nusu lita ya maji yenye nyuzijoto 25 huchemka ndani ya dakika 5 kwa hesabu ya daftari, na dakika 6 au 7 kwa saa ya ukutani, kwani joto jingine linapotea ubavuni na juu. Yakishachemka, kila dakika inapunguza gramu 13 hivi za maji, karibu kijiko cha chakula. Kutoka alama ya juu hadi ya chini una kama dakika 20. Weka kipima muda cha jiko kwenye dakika 15 na ukiheshimu. Usitegemee sensa ya joto iliyo chini ya kioo ikuokoe; imetengenezwa kusoma kitako cha sufuria, na hapa kuna karatasi katikati inayoizuia kupata habari mapema.

Koroga kwa kijiko cha mbao, taratibu, bila kukwangua chini. Ukimaliza, zima, subiri mapovu yatulie, kisha telezesha chungu kutoka kwenye kioo kwenda kwenye sinia. Usikinyanyue hewani kikiwa na supu ya moto.

Chai, supu iliyokwisha kuiva, mayai ya kuchemsha, tambi, mchicha: vyote vimekubali bila shida.

Mlenda ulivyotoboa foili

Wiki ya pili dada akasema tujaribu mlenda, maana mteja wa Dodoma asiyeuliza mlenda ni mgeni. Unga wa mlenda, maji, chumvi, karanga zilizosagwa, na magadi kidogo kama apikavyo siku zote. Ulichemka vizuri, ukavuta uzi. Dakika ya kumi na mbili karatasi ya ubavu ikaanza kugeuka nyeusi kwa unyevu kuanzia chini. Tukazima.

Nilipoosha foili ile na kuinua dirishani, ilikuwa imepoteza mng'ao, kijivu kama jivu la jana, na mwanga ulipita kwenye vitobo vidogo vingi kama vilivyochomwa kwa sindano. Magadi ndiyo yaliyofanya hivyo. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi. Magadi, kwa kuwa ni alkali, huuyeyusha utando huo na kuanza kula metali yenyewe, na mapovu madogo ya haidrojeni hutoka. Kwenye sufuria nene ya alumini utaona weusi tu na maisha yanaendelea. Kwenye maikroni 16 hakuna pa kuendelea. Nyanya nyingi, ukwaju na limau nazo hula foili, kwa njia ya asidi, ingawa polepole zaidi.

Nilitaka kumwambia apike bila magadi. Akanitazama tu. Mlenda wake una wateja wa miaka kumi, na si kazi ya chungu kubadili chakula cha watu. Kwa hiyo tukatengeneza chungu cha aina ya pili.

Chungu cha pili: sahani ya chuma isiyotupwa

Hapa foili inaondoka kabisa. Mahali pake weka karatasi ya kuokea, ile yenye silikoni inayovumilia nyuzijoto 220 hivi. Ikunje juu ya sufuria kama ulivyokunja foili, kipande kimoja kizima, kisha kaki juu yake, na hatua nyingine zote ni zile zile. Kinachopata moto ni sahani bapa ya chuma unayoidumbukiza ndani, kipenyo sentimita 12 au 13, unene karibu nusu milimita.

Chuma kiwe kile kisichoshika kutu na kinachonasa sumaku. Sifa zote mbili ziwepo, kwa kuwa kuna vyuma visivyoshika kutu ambavyo sumaku haivigusi, na hivyo kwenye jiko hili ni dhaifu. Mimi nilichukua sinia kuukuu lililonasa sumaku kwa nguvu na kumpelekea fundi bati anikatie. Atakuwa na mabati ya kuezekea na makopo ya rangi, na atakuambia yanafaa. Hapana. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye chakula chenye ukali; kopo lina rangi na vanishi. Mwombe pia apige msasa ukingoni mpaka kidole kipite bila kukwaruzika, la sivyo sahani itachana karatasi siku ya kwanza.

Kisha kuna kazi ndogo ambayo usipoifanya yote yanaharibika. Sahani ikilala bapa juu ya karatasi, maji yaliyonaswa chini yake huchemka yote, mvuke huiinua, huanza kugonga tak-tak-tak, na upande wa chini wa sahani, ambako joto huzaliwa, unabaki mkavu juu ya karatasi. Ndiyo ile kanuni yetu imevunjwa. Chukua msumari butu na nyundo, piga vinundu vitano kutoka upande mmoja ili upande wa pili vitokeze kama miguu ya milimita 2. Toboa na matundu manne au matano ya milimita 5, yakiwa yametawanyika. Maji sasa yanapita chini, yanapanda kupitia matundu, na sahani imelowa pande zote mbili.

Usiweke sahani hii ndani ya chungu cha foili kwa tamaa ya kuongeza nguvu. Foili itakuwa katikati ya koili na chuma, itameza sehemu kubwa ya uga, na foili ya chini ya sahani ndiyo itakayoungua.

Chungu hiki huchelewa dakika moja au mbili zaidi kuliko cha foili, lakini kinakubaliwa hata na majiko yanayokataa foili. Magadi, nyanya, ukwaju, vyote ruksa. Dada ana sahani 12. Jioni huzitumbukiza zote kwenye sufuria moja yenye maji ya sabuni, huzichemsha, huzisuuza, huzianika kwenye kamba kupitia yale matundu. Lita tatu zinatosha.

Visivyopikika humu

Kukaanga usithubutu. Mafuta hayachemki kwenye 96. Yanapita 180 na kuendelea, na karatasi haina mlinzi tena. Ugali nao hapana, uwe wa uwele au wa sembe: ukishaanza kukaza, hakuna maji yanayozunguka chini, unashika kitako na kuungua, na mwiko utapasua chungu kabla ya hapo. Uji mwepesi unawezekana kwenye chungu cha pili, ukikoroga mfululizo na kuuepua ungali mwepesi. Maharage mabichi ni ya saa nyingi. Yachemshe kwingine, yaungie humu.

Karibu na jiko weka kitambaa kilicholowa maji, na hakikisha swichi ya ukutani unaifikia bila kupitisha mkono juu ya chungu. Karatasi ikishika moto, zima ukutani kwanza, kisha funika kwa kitambaa.

Ukitaka kuuza vyungu vyenyewe

Kuuza supu ndani yake ni jambo moja, kuuza vyungu vitupu kwa watu usiowaona wakipika ni jambo jingine. Kwa sasa soko litakuwepo: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na majiko haya ya umeme yataongezeka. Kabla ya kuuza hata kimoja, peleka sampuli na maelezo ya karatasi, foili na gundi Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa sababu ni bidhaa inayogusa chakula. Na kila chungu kiandikwe ubavuni, kwa Kiswahili cha kueleweka: jaza maji kwanza, usizidishe wati 500, usikaangie, usitie magadi wala ukwaju kwenye cha foili.

Kutupa

Foili haikugundishwa kwenye karatasi, imeshikwa na umbo na ule mdomo uliopinduliwa tu. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Karatasi na foili vikigandishwa pamoja, havirudi kuwa karatasi wala alumini, vinaishia jalalani. Chungu hiki unafungua mdomo, unashika foili, inatoka yote kwa mkupuo mmoja. Kaki iliyolowa supu huenda kwenye shimo la mboji pamoja na maganda, gundi yake ikiwa ni unga tu. Ile yenye karatasi ya kuokea, itenganishe kwanza, kwani silikoni haiozi. Usichome moto chochote chenye foili.

Foili isuuze kwa yale maji ya mwisho ya sahani, ifinyange. Kila chungu kina karibu gramu 4 za alumini, kwa hiyo vyungu 250 vinatoa kilo moja. Dada ameninginiza kiroba kwenye msumari nyuma ya mlango, na kijana wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni siku za Jumamosi ameshajua kwamba pale kuna mzigo wake.